The No. 1 Ladies' Detective Agency: maswali ninayoulizwa kila ninapompa mtu tamthilia hii

Kuna tamthilia moja ambayo nimeigawa kuliko kitu kingine chochote nilicho nacho. Nimempa jirani, nimewapa wafanyakazi wenzangu, na nimewahi kumpa binti mmoja niliyekaa naye kwenye basi la Tanga, baada ya kulalamika njia nzima kwamba hana cha kutazama. Ina vipande saba tu. Msimu wa pili haukuja, na wengi ninaowatajia hawajawahi hata kuisikia. Maswali wanayoniuliza ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu. Pale ambapo ningekuharibia uhondo nimepakwepa. Kisa kimoja tu nimekisimulia hadi mwisho, na nitakuonya kabla sijaanza.

Inahusu nini?

Inamhusu Precious Ramotswe, mwanamke wa Botswana wa miaka thelathini na kitu, mnene, mpole, mwenye macho yasiyopitwa na jambo. Baba yake anafariki na kumwachia ng'ombe 180. Watu wanategemea atakaa na mifugo yake atulie. Yeye anauza, na kwa fedha ile anafungua ofisi ya upelelezi mjini Gaborone, ya kwanza nchini kuendeshwa na mwanamke. Hana bastola wala maabara. Ana meza, buli la chai na kibao nje ya mlango.

Wanaomjia ni watu wa kawaida wenye shida za kawaida: mke anayemshuku mumewe, mwanamke ambaye mumewe ametoweka, mzazi ambaye mtoto wake hajaonekana. Ni mambo ambayo kwetu yanaishia kwa mjumbe wa nyumba kumi, kwa shehe au mchungaji, au kwa shangazi mwenye busara. Polisi huwa hawana muda nayo, na mara nyingi hata si makosa ya jinai. Ni maumivu tu ambayo mtu anataka kuyajua ukweli wake.

Ni vipande vingapi, na nianze na kipi?

Saba. Cha kwanza ni kirefu kama filamu, karibu saa mbili, na sita vilivyobaki ni kama saa moja kila kimoja. Anza na kile kirefu. Najua wapo wanaopenda kurukia katikati, lakini hapa utapoteza. Humo ndimo unamwona Precious na baba yake, unaelewa kwa nini ana jeraha analolificha, na unamwona Grace Makutsi akiingia ofisini kwa mara ya kwanza. Ukimkosa Makutsi anavyoingia, umekosa nusu ya raha.

Makutsi ni nani, mbona kila aliyeitazama anamtaja?

Ni karani wa ofisi. Amevaa miwani mikubwa, anaongea kama mwalimu wa zamu, na ana jambo moja ambalo hatamwacha mtu asilijue: alihitimu chuo cha ukatibu muhtasi cha Botswana kwa asilimia 97. Hakuna aliyewahi kufika hapo. Na bado kazi hakupata, kwa sababu waliokuwa wanaajiri waliwachukua wasichana warembo waliofaulu kwa nusu ya alama zake.

Mara ya kwanza niliitazama nyumbani Tanga na mama na shangazi yangu, mimi nikiwa mfasiri wao. Tulipofika kwenye hiyo asilimia 97, mama akaniambia, "Simamisha kwanza." Mdogo wangu wa kike alikuwa amemaliza chuo, cheti kizuri kabisa, na alikuwa mwaka wa pili amekaa nyumbani, anatuma barua za maombi hazijibiwi. Mama hakusema lolote la zaidi. Alikaa kidogo, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akasema, "Haya, endelea." Tangu siku ile, kwetu mtu akifaulu jambo tunamwambia amepata tisini na saba.

Anayemwigiza ni Anika Noni Rose, Mmarekani, ambaye mwaka 2009, mwaka ambao vipande vingi vya tamthilia hii vilioneshwa, sauti yake ilisikika kwenye katuni ya Disney kama Tiana. Alikwishapata tuzo ya Tony mwaka 2004 kwa kazi ya jukwaani, na ukubwa wake unauona. Angeweza kabisa kumfanya Makutsi kichekesho. Amemfanya mtu mwenye heshima ambaye dunia haijamtendea haki, na kicheko kinakuja chenyewe.

Mimi ni mtu wa damu na risasi. Itanifaa hii?

Sikudanganyi, hutaona mtu akikimbizwa juu ya paa. Lakini usidhani ni ya kubembelezana mwanzo mwisho. Kipande cha kwanza kina mtoto aliyeibwa, na hofu iliyopo ni kwamba amechukuliwa na waganga kwa ajili ya dawa. Kina mfanyabiashara anayeogopwa na mji mzima, Charlie Gotso, ambaye anachezwa na Idris Elba. Ndiyo, Idris Elba huyohuyo. Hapazi sauti, na akiingia chumbani unahisi baridi.

Kinachotofautiana ni namna ya kupeleleza. Kwenye tamthilia nyingi za aina hii mpelelezi anaingia, anaonesha kitambulisho, anauliza. Precious anaingia, anasalimia. "Dumela, mma." Anaitikiwa. Anauliza habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, za ndugu aliyeko kijijini. Anakaribishwa kiti, anakunywa chai. Mpaka anapofikia swali lake, mwenyeji amekwisha kulijibu bila kujua, kwa sababu mtu aliyesalimiwa vizuri hufunguka. Salamu ni nusu ya kuonana, sisi tunasema. Kwa Precious ni nusu ya upelelezi pia, na sijaona tamthilia nyingine iliyojenga kazi nzima ya mpelelezi juu ya jambo hilo. Ndiyo sababu nasema hii ni yetu hata kama fedha zake zilitoka Uingereza na Marekani.

Nipe mfano wa kesi moja.

Hapa ndipo onyo langu lilipo: kisa hiki nakimaliza. Ni kidogo, hakigusi yale makubwa.

Kuna mwanamke anaitwa Happy Bapetsi. Amejitegemea, ana nyumba nzuri. Siku moja mzee anatokea mlangoni, anasema, mimi ni baba yako niliyepotea. Happy anampokea kwa furaha, kama ambavyo mtoto yeyote aliyelelewa vizuri angefanya. Mzee anakaa. Anahudumiwa, anapikiwa, hanyanyui hata kikombe. Baadaye shaka inaanza kuingia, lakini utamwambiaje baba yako kwamba si baba yako? Na kama kweli ndiye?

Precious hatafuti vyeti. Anavaa kama muuguzi, anamfuata mzee, anamwambia kwamba Happy amepata ajali, damu imemtoka nyingi, na damu inayohitajika ni ya baba yake mzazi. Itabidi itoke nyingi, na huenda mtoaji asipone. Je, yuko tayari? Mzee anaanza kugugumia. Mara kidogo anakiri kwamba yeye si baba wa mtu.

Shangazi aliruka kwenye kochi. "Hiyo ni hukumu ya Nabii Suleiman!" Na ni kweli, ni hekima ile ile: usimuulize mtu anasema yeye ni nani, mpe mzigo wa kile anachodai kuwa, utazame kama ataubeba. Kisa hiki kimetoka katika kitabu cha kwanza cha mfululizo ulioizaa tamthilia hii, na kimenikaa miaka yote hii kuliko mauaji yoyote niliyowahi kuyaona kwenye skrini.

Ni kweli kuna Mtanzania ndani yake?

Kuna Lucian Msamati. Alizaliwa Uingereza mwaka 1976, wazazi wake ni Watanzania, na alikulia Zimbabwe. Alisoma Chuo Kikuu cha Zimbabwe na alikuwa miongoni mwa walioanzisha kundi la maigizo la Over the Edge mjini Harare kabla ya kurudi kufanya kazi Uingereza. Humu anacheza J.L.B. Matekoni, fundi magari mwenye gereji ya Tlokweng Road Speedy Motors, mtu mwenye adabu kupita kiasi ambaye anampenda Precious na hajui aseme vipi.

Baada ya hapo alifika mbali. Aliigiza katika Game of Thrones. Mwaka 2015 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kumcheza Iago katika kampuni ya Royal Shakespeare, na mwaka 2024 alikuwa mmoja wa makadinali katika filamu ya Conclave. Lakini mimi nampenda zaidi humu, akiwa fundi. Wanaume wapole huwa hawapewi nafasi kwenye tamthilia, wakipewa wanafanywa wajinga. Matekoni si mjinga. Anatengeneza gari la mtu asiye na fedha, analirudisha likiwa zima, na haongelei. Tunawajua mafundi wa namna hiyo, japo ni wachache, na kumwona mtoto wa Watanzania akimpa mtu kama huyo uzito wake kulinipa raha ambayo bado ninayo.

Na huyo Precious mwenyewe?

Jill Scott, mwimbaji wa soul kutoka Philadelphia. Wengi walimjua kwa nyimbo tangu albamu yake ya kwanza ya mwaka 2000. Hapa ndipo pia lawama kubwa inapotokea, na ninaichukua kwa uzito: Mmarekani kumcheza mwanamke wa Kitswana? Lafudhi yake inateleza mara kwa mara, hilo halina ubishi. Na tukihesabu, waigizaji wanne wakuu, yaani Scott, Rose, Msamati na Desmond Dube wa Afrika Kusini, hakuna hata mmoja wa Botswana. Nchi ya watu, hadithi ya watu, mitaa ya watu, halafu wenyewe wanapita nyuma ya kamera au kwenye nafasi ndogo ndogo. Hiyo ni dosari na sitaifunika. Angalau mmoja kati ya wanne angepaswa kuwa Mtswana.

Juu ya hayo, bado nasema Scott aliifanya kazi yake kwa moyo. Mtazame anavyosikiliza. Waigizaji wengi wakisikiliza wanangoja zamu yao ya kusema. Yeye anasikiliza uso mzima. Na mwili wake haufanyiwi utani wala haupunguzwi. Vitabu vinamwita Precious mwanamke wa umbo la jadi, na tamthilia imeliheshimu hilo: anatembea kama mtu anayejua thamani yake. Mama alisema neno moja tu juu yake: "Huyu amelelewa."

Ilipigwa Botswana kweli, au walijenga Afrika Kusini?

Botswana kweli. Chini ya mlima Kgale, pembeni mwa Gaborone, walijenga mtaa mzima wa ofisi, saluni na maduka. Serikali ya Botswana yenyewe ilichangia fedha ili kazi isihamishiwe Afrika Kusini, ambako ingekuwa rahisi zaidi. Matokeo unayaona kwa macho: mwanga ule mkavu, anga kubwa, vumbi jekundu, miti ya miiba. Hakuna Afrika ya kuungaunga hapa. Ukitoka ofisini kwa Precious unaona mlima, na ndio mlima wenyewe.

Jirani wa ofisi ni saluni ya BK, anayechezwa na Desmond Dube. Huyo hayumo vitabuni, alitungwa kwa ajili ya tamthilia. Kwa kawaida wahusika wa kuongezwa huwa kama viraka. Huyu ameingia akakaa kama alikuwepo siku zote.

Wanaongea lugha gani? Nitaelewa?

Kiingereza, chenye salamu na maneno ya Kitswana. Ni Kiingereza cha taratibu, kilichonyooka, hata mtu ambaye Kiingereza chake si kikubwa atafuata. Utasikia "mma" kila mwanamke anapotajwa na "rra" kwa mwanamume. Usichoke nayo. Ni kama sisi tunavyosema mama, baba, dada, kaka kwa watu tusiozaliwa nao. Wafasiri wakiyatoa maneno hayo, hadithi nzima inabaki uchi.

Na hapa nataka nikae kidogo, maana ni jambo linalonifurahisha kila nikirudia kutazama. Kitswana na Kiswahili ni ndugu, na ukitega sikio utawasikia. Nyama kwao ni nama. Maji ni metsi. Jina ni leina. Ng'ombe ni kgomo. Mwana ni ngwana. Mtu ni motho, watu ni batho, na utu ni botho. Mtu mmoja ni Motswana, wengi ni Batswana, lugha yao ni Setswana, nchi ni Botswana. Linganisha na Mswahili, Waswahili, Kiswahili, uswahili, uone mifupa ni ile ile. Fedha yao inaitwa pula, maana yake mvua, kwa sababu katika nchi kavu kama ile hakuna baraka inayoizidi, na senti yake ni thebe, yaani ngao. Mtu anayetoka katika lugha yetu hahitaji kuelezwa kwa nini nchi iite fedha yake mvua.

Botho si neno la kupamba kule. Ni mojawapo ya misingi ya taifa lao. Precious halitaji kila saa, lakini kila kesi anayoimaliza inamalizwa kwa kipimo hicho. Mara nyingine mkosaji anapelekwa polisi. Mara nyingine anakaa naye chini na kumwambia: utamwomba radhi mama huyu, utamrudishia chake, na mimi nitakaa kimya.

Kwa nini iliishia msimu mmoja?

Swali hili huniumiza kidogo. Aliyeanzisha kazi hii na kukiongoza kipande cha kwanza ni Anthony Minghella, yule Mwingereza aliyepata Oscar ya uongozaji kwa The English Patient. Aliandika skripti pamoja na Richard Curtis, mwandishi wa Notting Hill. Minghella alifariki tarehe 18 Machi 2008, akiwa na miaka 54. Siku tano baadaye, Jumapili ya Pasaka, kipande chake kikaoneshwa BBC kwa mara ya kwanza. Mwezi Mei mwaka uleule akafariki pia Sydney Pollack, mshirika wake katika kampuni ya utayarishaji.

Vipande sita vilivyofuata vilitengenezwa na wengine, wakiwemo waongozaji Charles Sturridge na Tim Fywell, vikaoneshwa kuanzia Machi 2009. Mwaka huo tamthilia ikapata tuzo ya Peabody, ambayo haitolewi ovyo. Kisha basi. Msimu wa pili haukutengenezwa.

Maoni yangu ni haya: kazi iliyopoteza wazazi wake wawili ndani ya miezi mitatu ilihitaji mtu wa kuipigania ofisini kwa wenye fedha, na kupiga picha Botswana kila mwaka kwa kampuni za London na New York si jambo jepesi. Watazamaji hawakuikataa. Ilikosa wa kuibeba.

Je, inaishia njiani? Sitaki kubaki na kiu.

Haiishii njiani. Kila kipande kinafunga kesi zake. Mambo ya ndani, kama mapenzi ya Precious na Matekoni, yanasogea taratibu na yanafika mahali ambapo unaweza kuweka chini rimoti kwa amani. Utatamani zaidi, hilo haliepukiki, lakini hutadhulumiwa.

Kipande gani unakipenda kuliko vyote?

Kile cha mama wa Kimarekani, kiitwacho The Boy with an African Heart. Anayemcheza ni CCH Pounder, mzaliwa wa Guyana. Mwanawe alikuja Botswana akiwa kijana, akaipenda nchi, akakaa, na siku moja akatoweka. Miaka imepita. Polisi walishatafuta, ubalozi ulishatafuta, faili lilishafungwa. Mama anarudi na anamwendea Precious. Hataki mkosaji afungwe. Anataka kujua mwanawe alikufaje, na amelala wapi.

Jinsi wanawake wawili wale wanavyokaa mezani, mmoja amepoteza mtoto mkubwa na mwingine anabeba msiba wake ambao hausemi, ni kitu ambacho siwezi kukieleza bila kukiharibu. Anayejua msiba usio na kaburi ataelewa. Katika familia yetu yupo mjomba aliyepanda jahazi na hakurudi, na bibi yangu mpaka anafariki alikuwa akiweka sahani moja ya ziada siku ya Idi. Precious hamwambii yule mama kwamba muda umepita mno. Anachukua kalamu, anaanza kuuliza.

Cha pili kwangu ni kile anachotokea mpinzani, Cephas Buthelezi, mpelelezi mwanamume aliyejaa majigambo, akifungua ofisi na kutangaza kwamba kazi hii apewe mwanamume. Paterson Joseph anamcheza kwa raha zote.

Inafaa kutazama na watoto?

Vipande vingi, ndiyo, kuanzia umri wa sekondari. Cha kwanza tazama mwenyewe kwanza. Kuna mambo mawili mazito humo. La kwanza ni ndoa ya zamani ya Precious, na mume aliyekuwa akimpiga. La pili ni yule mtoto aliyeibwa.

Hili la pili si la kutunga kutoka hewani. Mwaka 1994, mjini Mochudi, msichana wa shule aliuawa, na watu wakaamini kwamba aliuawa kwa ajili ya viungo vya dawa. Hasira ililipuka mpaka wanafunzi wakaandamana Gaborone mwaka uliofuata. Mochudi ndiko alikozaliwa Precious katika hadithi, na kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1998. Mtswana aliyekisoma hakuhitaji kuelezwa.

Sisi je? Tamthilia hii ilipokuwa inaoneshwa ng'ambo mwaka 2008 na 2009, hapa Tanzania tulikuwa tukisikia ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa na kuuawa, hasa Kanda ya Ziwa, kwa imani ile ile na fedha za watu wakubwa wale wale wasioonekana. Mimi sikuweza kutazama sehemu za Charlie Gotso kama mambo ya Botswana. Kama una mtoto mkubwa kidogo, tazama naye, halafu zungumza naye. Usimwache nayo peke yake.

Kuna pia ugonjwa nyumbani kwa Makutsi, kaka anayemuuguza. Jina la ugonjwa halipigiwi kelele. Botswana ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumizwa zaidi na Ukimwi, na mwaka 2002 ikawa ya kwanza Afrika kuanza kutoa dawa za kufubaza virusi bure kwa wananchi wake kupitia huduma ya umma. Tamthilia inaonesha nyumba moja tu, kitanda kimoja, dada mmoja anayerudi kazini asubuhi akiwa amepiga pasi nguo yake. Inatosha.

Nisome vitabu kwanza?

Si lazima. Mwandishi wake ni Alexander McCall Smith, aliyezaliwa Bulawayo mwaka 1948 na baadaye kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Botswana. Mfululizo umepita vitabu ishirini, kwa hiyo ukimaliza tamthilia na kiu ikabaki, kisima kipo. Wapo wanaosema Botswana yake imepakwa sukari, na mzungu kuandika mwanamke wa Kiafrika ni jambo la kujadiliwa. Nakubali lijadiliwe. Kwangu, tamthilia ina uchungu kidogo kuliko vitabu, na uchungu huo umeifaa.

Naipata wapi?

Ilitolewa kwenye DVD mwaka 2009, seti moja yenye vipande vyote saba, na maduka ya mtandaoni ya vitu vilivyokwishatumika bado huwa nayo. Kwenye huduma za kutazama kwa intaneti inategemea uko nchi gani na mwezi gani. Tafuta kwa jina kamili la Kiingereza.

Angalizo moja. Nakala yangu ya kwanza niliinunua kibandani Kariakoo, kasha limeandikwa kwamba ni kamili. Tulikaa sebuleni, mama amekwisha kutandika mkeka, chai iko kwenye chupa, tukaweka diski kwa ajili ya kipande cha mwisho, hakikuwemo. Ilinichukua miezi minne kukipata. Kabla hujalipa, hesabu: vipande saba.

Nina jioni moja tu. Nifanyeje?

Tazama kipande cha kwanza, Ijumaa, baada ya chakula. Usitazame ukiwa na simu mkononi, maana vidokezo vingi vimo kwenye nyuso na si kwenye maneno. Kama kuna mtu mzima nyumbani ambaye hajui Kiingereza, mkalishe pembeni yako umfasirie. Atagundua mkosaji kabla yako. Mama yangu aligundua wawili. Na bandika maji ya chai mapema. Wao wanakunywa ile ya majani mekundu ya Afrika Kusini, lakini ya tangawizi inakwenda vizuri tu.